Yule mwanamke mwenye mabawa juu ya kikombe si jini

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi nimjibu msomaji wako wa Mukono aliyeandika kwamba vikombe wanavyopewa watoto kwenye michezo ya shule vimekaliwa na "jini la kike lenye mabawa", na kwamba wazazi wavikatae. Mimi ni mmoja wa wanaoviuza. Barua yake ilinifikia kwa njia ya hasara kabla sijaisoma gazetini. Mwalimu mkuu wa shule moja, ambayo sitaitaja, alinirudishia vikombe kumi na viwili ndani ya boksi lililofungwa nyuma ya boda boda. Vyote nilikuwa nimeshavichonga jina la shule, mwaka na mchezo. Kijana wa boda alikuja na ujumbe wa maneno matano: "Mwambie mzee amtoe huyo mwanamke."

Nijieleze kidogo ili isionekane nimetokea porini. Nilikuwa polisi, nikastaafu na cheo cha sajini. Sasa nina meza, kabati la kioo na mashine ya kuchonga maandishi katika uchochoro ulio karibu na Nasser Road, hapa Kampala. Kiswahili changu ni cha kambini, watu wa pwani wanisamehe.

Huyo anayelalamikiwa ni wa plastiki. Urefu wake hauzidi kiganja changu, amepakwa rangi ya dhahabu inayobanduka ukimfuta kwa spiriti, na ndani ni mtupu. Chini ana tundu la skrubu. Ameinua mikono juu, ameshika shada la majani, na mgongoni ana mabawa mawili. Wanakuja kwenye makatoni kutoka China, kila mmoja ndani ya kifuko chake cha nailoni. Kwa miaka mingi nilimwita malaika. Nikipiga simu kwa muuzaji wa jumla nilikuwa nasema, "Nipe malaika mia na mipira hamsini," naye ananielewa.

Aliyenifumbua macho ni shemasi mmoja wa Kanisa la Orthodoksi la Namungoona, aliyesomea Ugiriki. Alikuja kuchongesha kikombe cha vijana wa parokia. Akamchukua yule mwanamke kutoka mezani, akamgeuza huku na huku, akatabasamu.

"Mzee wangu, unamjua huyu?"

"Malaika, Baba."

"Huyu ni Niki, huandikwa Nike. Kwa Kigiriki maana yake ni Ushindi."

Nikamwambia Naiki ninayemjua mimi ni kiatu. Akanijibu kwamba kiatu ndicho kilichochukua jina la mwanamke. Kampuni ile ya Marekani ilijiita hivyo mwaka 1971. Basi ndugu yangu wa Mukono, nenda soko la Owino siku yoyote uangalie rundo la raba za mivumba, yaani mitumba, kisha uhesabu ni watoto wangapi wa shule wanakwenda uwanjani wakiwa wamevaa jina la huyo unayemwita jini. Wamemkanyaga miaka yote hiyo na hakuna aliyepandwa na pepo.

Sikatai kwamba Wagiriki wa kale walimwabudu. Walimwabudu kweli. Katika hadithi zao mama yake ni Styx, ule mto wa kuzimu, na baba yake ni Pallas. Walizaliwa wanne: Zelos, yaani ile hamu ya kutaka kumpita mwenzako, Nike mwenyewe, Kratos, yaani Nguvu, na Bia, yaani Mabavu. (Ndiyo, Bia. Shemasi aliponiambia nilicheka hadi machozi. Nimefanya doria za Jumamosi usiku miaka mingi, na Bia na Mabavu nimewakuta pamoja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.) Zeus, mkuu wa miungu yao, alipopigana na Matitani, miungu iliyomtangulia, Styx alikuwa wa kwanza kumletea watoto wake wamsaidie, na tangu hapo wale wanne hawakuondoka kwake. Nike hana visa vingi kama wenzake. Hatumsikii akigombania mume wala akimlaani mtu awe mti. Kazi yake ni kushuka na taji na kumvika aliyeshinda, basi.

Na kwa kuwa msomaji wa Mukono alinukuu Biblia, na mimi nifungue yangu. Nyaraka mbili za Paulo kwa Wathesalonike: soma neno hilo polepole. The-sa-lo-nike. Mji ule ulipewa jina la binti wa mfalme Filipo wa Makedonia, dada wa Aleksanda Mkuu kwa baba, na jina lake ni la ushindi juu ya watu wa Thesalia. Mama yake Timotheo aliitwa Eunike, ushindi mwema. Nikodemo aliyemwendea Yesu usiku analo pia mwanzoni mwa jina lake. Na pale 1 Yohana 5:4, tunaposoma "huku ndiko kushinda kuushindako ulimwengu", shemasi alinionyesha katika Agano Jipya la Kigiriki: neno lililoandikwa pale ni lilelile, nike. Kanisa halikulikimbia neno kwa sababu wapagani walikuwa wamelitumia. Kanisa lao kuu kule Namungoona ni la Mtakatifu Nikolao, na sidhani kuna anayetaka kulibomoa.

Lakini mimi si mtu wa dini hasa, ni mtu wa michezo, na kilichonifanya nishike kalamu ni jambo jingine. Tarehe 2 Septemba 1972 nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa kambi ya polisi ya Nsambya, baba yangu akiwa koplo. Mkimbiaji wetu John Akii-Bua naye alikuwa polisi, kwa hiyo mbio zile za Olimpiki ya Munich tulizichukulia kama za nyumbani kabisa. Redio iliwekwa dirishani na watu wakajazana nje. Fainali ya mita 400 kuruka viunzi, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali ambayo hakuna mkimbiaji anayeitamani. Akashinda kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Wanawake wa kambi walipiga sufuria hadi nyingine zikapinda, na mama yangu alimlaumu Akii-Bua kwa sufuria yake mpaka Krismasi.

Nilichokuja kukijua uzeeni ni kwamba medali ile ilikuwa na huyu mwanamke. Tangu 1928 medali za Olimpiki zilibeba mchoro wa Mwitaliano Giuseppe Cassioli: Nike ameketi, mkono wa kushoto ana tawi la mtende, wa kulia ameinua taji. Alikaa hivyo hadi 2000. Wagiriki walikuwa hawampendi, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya jengo lililokuwa nyuma yake, ambalo lilifanana na Colosseum, ule uwanja wa kale wa Rome, na Rome si Ugiriki. Michezo ilipofika Athens 2004 wakambadilisha: sasa anaruka, anaingia katika uwanja wa Panathenaiko. Huyo ndiye aliyetua kifuani mwa mkimbiaji wetu Stephen Kiprotich London 2012. Ndiye aliyetua kwa Joshua Cheptegei Tokyo, kisha tena Paris 2024 alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 43.14. Na ndiye aliyetua kwa Peruth Chemutai tarehe 4 Agosti 2021, aliposhinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 9 na sekunde 1.45, mwanamke wa kwanza wa Uganda kuleta nyumbani medali ya Olimpiki. Nchi nzima ilimpokea kwa vigelegele, na sikumsikia mtu akisema "medali ina jini, irudishwe".

Huyo Nike wa medali mpya alinakiliwa kutoka sanamu halisi, na hapa naomba uvumilivu maana mimi ni mchonga maandishi na jambo hili ni la fani yangu. Sanamu ni ya marumaru, ilisimama Olympia, kwenye michezo ya kale ya Wagiriki, juu ya nguzo ya pembe tatu yenye urefu wa karibu mita tisa, ili mtu akitazama kutoka chini aone kweli mwanamke anashuka angani, nguo imepeperushwa nyuma na upepo. Ilichongwa yapata mwaka 420 kabla ya Kristo. Wajerumani waliifukua 1875, uso wake umepotea. Lakini maandishi ya chini yalibaki! Yanasema Wamesenia na watu wa Naupaktos, Wagiriki wa zamani hao, wamemtolea Zeus fungu la kumi la nyara walizopata kwa maadui. Halafu fundi akaongeza lake: kwamba aliyeitengeneza ni Paionios wa Mende, naye huyohuyo ndiye aliyeshinda shindano la kutengeneza mapambo ya paa la hekalu.

Nilisoma hayo mara mbili nikapiga meza. Mtu amelipwa kuchonga ushindi wa wateja wake, akachomeka na wake! Mimi katika miaka yote hii sijawahi kuthubutu kuweka hata herufi ya kwanza ya jina langu chini ya kikombe.

Tena kuna jambo la pili katika maandishi hayo. Maadui hawakutajwa ni akina nani. Msafiri wa zamani aliyeitwa Pausanias aliandika kwamba Wamesenia wenyewe walieleza sababu: waliwaogopa hao maadui, Wasparta. Hili nalo nalifahamu. Mwaka juzi mwenyekiti wa timu moja alinipa maneno ya kuchonga, "Tumewapiga 4–0", nikamuuliza niweke jina la waliopigwa? Akafikiri kidogo, akasema, "Acha, tunakunywa maji kisima kimoja."

Sasa nifike kwenye mabawa, maana msomaji wa Mukono kilichomtisha zaidi ni hayo. Miaka michache iliyopita vijana waendesha boda boda wa stendi moja ya Kawempe waliniagiza kikombe cha fainali yao. Jumamosi jioni, nikiwa nafunga duka, kikaponyoka mkononi mwa mtoto wa jirani, bawa la kushoto likavunjika. Sina mwingine wa ukubwa ule, muuzaji wa jumla amefunga, fainali ni kesho saa nane. Nilijaribu supaglu, bawa likakaa dakika kumi likaanguka tena. Kapteni alipokuja nikamwambia ukweli, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusimuliwa na shemasi, nikamweleza kisa cha Athens. Kwenye kilima cha Akropolis kuna hekalu dogo la Athena Nike, yaani Athena, mungu wa kike mlinzi wa mji ule, kwa jina la ushindi. Sanamu iliyokuwa ndani ilikuwa ya Athena mwenyewe katika sura ya mleta ushindi, ameshika komamanga na kofia ya vita, na Athena hana mabawa. Lakini watu walipoona Ushindi hana mabawa walieleza kwa namna yao: tumemnyima mabawa ili asiruke akatuacha, akae nasi daima. Wasparta nao walikuwa na sanamu ya mungu wao wa vita amefungwa minyororo kwa sababu hiyohiyo.

Kapteni akasikiliza, akaangalia kikombe, akasema, "Afande, basi toa na hilo jingine." Nikalikata kwa msumeno mdogo, nikapiga msasa. Wakashinda kesho yake. Msimu uliofuata walitolewa raundi ya kwanza. Kikombe kiko kwa mama yake kapteni, juu ya televisheni, na yeye anaamini yule ni Bikira Maria.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, kama shida ni mabawa, msumeno ninao. Lakini kumtoa mwanamke mzima kuna ugumu wake. Kikombe kile kimeshikwa pamoja na skrubu inayopita katikati. Ukimtoa yeye kunabaki tundu juu ya kifuniko, na tundu hilo linahitaji kitu. Nilishawahi kutafuta kitu hicho. Nilikwenda mtaa wa Katwe kwa fundi anayeyeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria katika kalibu ya mchanga, nikamwomba anitengenezee korongo wetu wa bendera, mguu mmoja umeinuliwa. Mguu ulivunjika mara tatu wakati wa kumtoa mchangani. Fundi akachoka akaniambia, "Afande, huyu ndege asimame kwa miguu yote miwili, au akae kama kuku." Korongo anayekaa kama kuku nani atamnunua?

Baadaye shemasi alinionyesha katika kitabu picha ya Nike mwingine, aliyechongwa kwenye ukuta mfupi uliozunguka hekalu lile dogo la Athens. Ameinama, amesimama kwa mguu mmoja, mkono umeshika kiatu chake cha kamba. Wengine husema anakivua, wengine anakifunga. Nguo imemlalia mwilini kama ya mtu aliyenyeshewa. Huyo ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa sababu ni mara ya kwanza niliona mshindi akihangaika na kiatu, kama wakimbiaji wetu wanavyofanya dakika mbili kabla ya filimbi. Na yeye mguu haukuvunjika! Nikaangalia vizuri nikaelewa: hakuchongwa peke yake, ameshikamana na ubao wa jiwe nyuma yake. Nimempelekea fundi wa Katwe habari hiyo. Anasema korongo wa kubandikwa kwenye kibao anaweza kumimina, ila kibao kitakuwa kizito kuliko kikombe.

Wafinyanzi wa kale nao walikuwa na taabu zilezile. Kwenye makaburi ya Myrina, mji wa Kigiriki uliokuwa pwani ya nchi tunayoiita leo Uturuki, Wafaransa walifukua miaka ya 1880 sanamu nyingi ndogo za udongo wa kuchoma, wakiwemo akina Nike wanaoruka, wengi urefu wa kiganja au viwili. Mwili ulitolewa kwenye kalibu, wa mbele na wa nyuma vikaunganishwa, ndani mtupu, mgongoni tundu la kutolea mvuke wakati wa kuchoma. Mabawa yalitengenezwa peke yake, yakachomekwa baadaye. Ukimfungua huyu wa plastiki wa China utakuta mshono ubavuni, ndani mtupu, mabawa ya kuchomeka. Ni zaidi ya miaka elfu mbili na kazi ni ileile.

Kuna mzazi mmoja aliniambia afadhali vikombe vifutwe kabisa, watoto wapewe mbuzi. Huko vijijini kwetu nakubali, kombe ni la kupigia picha tu na macho yote yako kwa ng'ombe wa mshindi. Lakini katika utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, shujaa Achilles alipoandaa michezo ya mazishi ya rafiki yake, mbio za miguu mshindi wa kwanza alipewa bakuli la fedha, na ng'ombe mnono alikuwa wa mshindi wa pili. Nimewasomea hilo wateja wangu wa Luwero, wakasema Wagiriki hawakuwa na akili.

Mhariri, vikombe kumi na viwili bado viko kabatini kwangu, rafu ya chini. Majina yamechongwa, siwezi kuyafuta na siwezi kumuuzia mtu mwingine kikombe chenye jina la shule ile. Wasichana wa netiboli walioshinda walipita hapa Jumanne wakitoka mjini, bado na sare, wakaomba waone chao. Nikakitoa. Nahodha wao akamshika yule mwanamke kiunoni kwa vidole viwili, akauliza jina lake. Nikamwambia. Akauliza kama wanaweza kukichukua, nikawaambia hapana, wamtume Mwalimu Mkuu na shilingi elfu tisini za kuchonga zilizobaki. Bei hiyo ni ileile, awe na mabawa au asiwe nayo.

Mzee wa Vikombe,
Kampala